Tovuti Saba, Neno Moja la Siri

Niyitegeka, kijana mtengeneza tovuti, alikutwa Jumamosi asubuhi amelala kifudifudi chini ya meza yake ya kazi, mjini Kasulu, mvua ikiponda bati la ofisi kama yenye ugomvi nalo. Kando ya kichwa chake palikuwa na stabilaiza ya umeme, nzito, yenye damu iliyokauka kwenye pembe. Kompyuta ilikuwa bado inawaka.

Inspekta Pelagia Ntirampeba alichuchumaa, akautazama mwili bila kuugusa. Kazi hii ameifanya miaka mingi, lakini maiti ya kijana bado humchoma. Huyu alikuwa amevaa soksi zisizofanana. Jambo dogo, nalo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Majambazi hao, afande," alisema Koplo Nurudini.

"Majambazi gani wanaacha kompyuta na simu mezani?"

Nurudini akaitazama kompyuta upya. Alikuwa hodari wa kukimbiza wahalifu, si wa kukisia.

Daktari alisema pigo lilikuwa moja, Ijumaa alasiri. Alama za vidole zilikuwa zimefutwa. Na si alama tu zilizofutwa: kompyuta ilionyesha kwamba saa hiyohiyo tovuti zote alizozisimamia marehemu zilifutwa pia. Tovuti saba, hakuna iliyobaki.

Antoinette, mshirika wa Niyitegeka, alikuwa ametoka Manyovu alfajiri hiyo na ndiye aliyeufungua mlango. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Tovuti za nani?" aliuliza Pelagia.

"Za wateja wetu. Ushirika wa kahawa, kwaya, shule, wafuga nyuki, nyumba ya wageni, duka la mbegu la Kibondo. Na Ndugu Waliopotea, ile ya wakimbizi wanaotafuta jamaa zao. Hiyo hatukuitoza chochote."

"Nani alikuwa na neno la siri?"

Antoinette aliinamisha kichwa. "Wote, afande."

"Wote vipi?"

"Tulitafuta kampuni ya kuhifadhi tovuti iliyo nafuu. Nyingine zilitaka kila tovuti iwe na akaunti yake. Hii moja ilisema kifurushi kimoja, weka tovuti uzitakazo. Wateja wakachanga, wakasema kilichochangwa ni cha wote, na neno la siri wapewe wote. Tungewakataliaje?"

"Nakala rudufu?"

"Zilikuwa na bei yake. Tuliziacha."

Rahisi ghali, waliosema hawakukosea. Watu walichangia nyumba moja, kila mtu akapewa ufunguo wa vyumba vyote, na hakuna aliyejiuliza jirani yake anaficha nini.

"Niyitegeka alikuwa ameanza kujuta," Antoinette aliongeza. "Alipata kampuni nyingine, ghali kidogo, kila mteja na ufunguo wake. Alikuwa anataka kuhamia."

Pelagia alisimama dirishani. Muuaji alitaka kitu kimoja kipotee. Angefuta tovuti moja, angejitaja mwenyewe. Kwa hiyo alifuta zote, na yake ikiwemo, ili aje kulia pamoja na wenzake.

Mchana wenye tovuti waliitwa kituoni. Mwalimu alikuwa darasani, wanakwaya walikuwa mazoezini, na wengine nao walikuwa na watu wa kuwashuhudia. Wa mwisho alikuwa Nkunzimana, mwenye duka la mbegu, mtu mpole aliyevaa kofia ya sufu iliyovutwa hadi chini ya masikio.

"Ijumaa alasiri ulikuwa wapi?"

"Shambani kwangu, afande. Kilimani, nje ya Kibondo."

"Ukifanya nini?"

"Nalima maharage. Tangu adhuhuri hadi jua linazama."

"Nani alikuona?"

"Majirani wote wako mashambani msimu huu. Nani asinione?"

Alijibu vizuri. Alijibu vizuri mno, Pelagia aliwaza, lakini uzuri wa jibu si kosa la jinai. Akamwacha aende.

Jioni aliipigia simu ile kampuni ghali. Binti wa huduma kwa wateja alitafuta, kisha akasema, "Huyo mteja alianza kuhamia kwetu Alhamisi. Amepakia tovuti moja tu. Anwani yake haijaelekezwa huku bado, kwa hiyo watu hawaioni, ila yote imo."

"Ipi?"

"Ndugu Waliopotea."

Antoinette alipoambiwa, kilio kilimtoka upya. "Nilimuuliza kwa nini aanze na wasiolipa. Akasema wengine wakipoteza tovuti watatengeneza nyingine. Hawa wakiipoteza, wamepoteza mtu."

Pelagia aliifungua tovuti hiyo, akazipitia picha za waliopotea kwa uchungu. Kila uso ulikuwa na mtu anayeungoja. Iliyowekwa mwisho ilikuwa ya mwanamke akiwa na mtoto wa kiume: Consolée, wa kambi ya Nyarugusu, anamtafuta mwanawe Emile, waliyepotezana wakiikimbia vita Kongo. Sikio la kushoto la mtoto lilikuwa limekatika ncha.

Pelagia aliikumbuka kofia ya sufu.

Kesho yake alikwenda Kibondo na Nurudini. Kilimani kwa Nkunzimana walikuta watu wengi wamekaa nje ya nyumba moja, moto ukifuka chini ya turubai. Pelagia alivua kofia, akatoa pole, akamwinamia bibi mmoja.

"Nani ametutoka, mama?"

"Mzee Nsengimana. Ijumaa, jua halijafika utosini. Tumemzika jana."

"Na alasiri hiyo, nani alikuwa analima?"

Bibi alimtazama kana kwamba ametukanwa. "Yoo, mwana wanje, mwanangu! Jembe? Maiti iko ndani, nani apige jembe ardhini? Kilima kizima tulikuwa hapa."

"Na Nkunzimana?"

"Huyo hatukumwona. Tukasema labda yuko safari."

Pelagia mwenyewe alikulia kwenye vilima hivi. Aliujua mwiko huo kabla hajaijua sheria ya polisi. Mtu aliyekuwepo asingelima, na aliyelima angenyang'anywa jembe. Nkunzimana hakuwa mvunja mwiko. Hakujua tu kwamba jirani yake amekufa, kwa kuwa aliondoka kabla ya kifo na hadi anahojiwa hakuwa amerudi kilimani.

Walimkuta dukani.

"Ijumaa ulilima?"

"Nilishasema, afande."

"Jirani yako Nsengimana akiwa maiti ndani?"

Mkono wake uliokuwa ukifunga mfuko wa mbegu ulisimama.

"Vua kofia, Emile."

Aliuweka mfuko chini. Kisha aliivua polepole. Ncha ya sikio la kushoto haikuwepo.

"Niliingia kwenye akaunti kubadilisha bei za mbegu," alisema kwa sauti ndogo. "Nikaona uso wangu. Na wa mama."

"Kwa nini hukufurahi?"

"Familia ya Warundi iliniokota njiani. Mtoto wao alikuwa amekufa, wakanipa jina lake. Uraia wa Tanzania niliupata kwa jina hilo, wakimbizi wa Kirundi walipopewa. Shamba, duka, shule ya wanangu, vyote vina jina la mtoto aliyekufa. Ile picha ingeonwa, nimekwisha. Wanangu wamekwisha."

"Ukamfuata Niyitegeka."

"Kumwomba tu! Nilimwomba aitoe. Nilimweleza yote." Alianza kulia. "Akanishika bega, akasema, 'Nitaitoa siku utakayokwenda kumsalimia mama yako.' Hakunitisha, afande. Alikuwa anatabasamu. Lakini mimi nilisikia mlango unafungwa, nikashika kilichokuwa karibu."

Nurudini alimfunga pingu.

Jumatatu Pelagia alikwenda Nyarugusu peke yake, ingawa angeweza kumtuma mtu. Consolée alikuwa akianika dagaa mbele ya kibanda chake, mwembamba, macho makali.

"Mama, mimi ni polisi. Nimekuja kwa habari ya Emile."

Mikono ya mama ilitulia. "Mutoto yangu? Iko muzima?"

"Ni mzima, mama. Yuko Kibondo. Ana mke na watoto."

Consolée alikaa chini palepale kwenye tope, akacheka, akalia, akamshukuru Mungu kwa kila lugha aliyoijua. Majirani wakatoka vibandani. Pelagia alijaribu kuendelea kusema, akashindwa.

Ndipo mama aliposimama, akajifuta uso, akaingia ndani na kutoka amejifunga kitenge kipya na mfuko wa dagaa mkononi.

"Twende. Lakini kwanza munipeleke Kasulu, kwa ule kijana Niyitegeka," alisema. "Ni yeye alimutafuta. Nataka nimuambie aksanti."

Pelagia alimshika mkono, akamrudisha ndani, wakaketi.