Mvi Kwenye Povu

Kinyozi wa mtaani kwetu tulimwita Fundi Povu, kwa sababu ni yeye peke yake aliyekuwa bado anapaka ndevu povu kwa brashi. Wenzake walishahamia mashine zamani. Brashi ilikuwa ya marehemu baba yake, naye kinyozi, yenye mpini wa mbao na nywele za farasi nyeusi tii. Mzee ndiye aliyemfundisha kuitunza: isuuze kwa maji ya vuguvugu, ikung'ute, itundike nywele zikiangalia chini, maji yasije yakalegeza gundi.

Asubuhi moja, mwezi mmoja baada ya mazishi, mteja alijifuta shavu akalalamika.

"Fundi, brashi yako inanyonyoka. Unaninyoa au unanipandikiza?"

Watu wakacheka. Fundi naye alicheka, mpaka alipoangalia taulo. Nywele tatu. Nyeupe.

Akajipa moyo kwamba ni sabuni iliyogandia. Akaisuuza brashi, akaichana kwa vidole, akaitundika. Siku iliyofuata zikatoka saba. Siku ya tatu, kishungi kizima. Akaipeleka kwa seremala aikaze gundi. Seremala akaigeuza geuza, akamrudishia.

"Gundi nzima kabisa. Na humu hakuna unywele mweupe hata mmoja. Hizi umezitoa wapi?"

Fundi aliichukua brashi yake akaondoka. Alijua zilikotoka.

Mzee alipolazwa hospitali, muuguzi alimpigia simu Fundi kumpa ujumbe: baba anataka umnyoe, hataki kuondoka akiwa amechakaa. Ilikuwa Jumamosi, wateja wamejaa hadi mlangoni. Fundi akasema atakwenda kesho. Kesho ilimkuta mzee amefunikwa shuka, ndevu nyeupe zimemjaa kidevu kizima. Mama yake, ambaye macho yalishamzimika, alipouliza, "Ulimnyoa baba'ako?" alijibu bila kusita, "Nilimnyoa, mama. Alipendeza." 

Jumatatu, siku anayofunga kibanda, alichukua mkoba wake wa kazi akamwendea mama. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali dirishani. Alipiga magoti, akaungama yote. 

"Najua," mama akanong'ona. "Baba'ako huja kila mchana. Hukaa hapo kwenye kiti chake. Nikimshika kidevu, kinanichoma."

Fundi akageuka. Kiti kilikuwa kitupu.

"Vifaa unavyo?"

"Ninavyo, mama."

"Basi mnyoe. Anakusubiri."

Alitamani kukimbia, lakini angemkimbiaje baba yake mara ya pili? Akapasha maji, vuguvugu tu. Akakoroga povu. Akatandika taulo mkononi, akasogeza brashi juu ya kiti, hewani, huku akijionea aibu.

Brashi ikagota.

Kitu laini. Baridi. Povu likabaki pale pale, halikudondoka, likafuata umbo la taya. Fundi akafumba macho. Akashika wembe. Akanyoa kwa kumbukumbu: shavu la kulia, la kushoto, chini ya kidevu. Krr. Krr. Alilijua lile shavu. Lina bonde dogo karibu na sikio.

"Nisamehe, baba," alisema, machozi yakimchuruzika. Mkono ukateleza.

Akafumbua macho. Hapakuwa na povu, wala mtu. Kwenye taulo palikuwa na mvi zilizolowa, na tone la damu, bichi. Akajikagua vidole, kimoja kimoja. Hakuwa na mchubuko hata mmoja.

"Umemkata," mama alinong'ona, uso ameuelekeza kwenye kile kiti kitupu. "Mfute damu, mwanangu. Bado amekaa."