Kiti Kilichosogezwa

Sikilizeni, wenzangu mlio na wazazi, nanyi mnaoelekea uzeeni, maana habari hii haimbagui mtu.

Palikuwa na nyumba moja tulivu sana, tulivu kiasi kwamba kitu cha kwanza alichosikia mgeni akifika mlangoni kilikuwa saa. Saa tatu za ukutani na mbili za mezani, zote zikienda pamoja bila kupishana, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa fundi saa kwa miaka arobaini na hakuvumilia saa isiyo na adabu. Mtaani walimwita Sekunde. Ukiahidiana naye saa nne, utamkuta keshakaa anakusubiri. Ukichelewa atakutazama, ataitazama saa, kisha atakutazama tena bila kusema neno, mpaka utamani aseme.

Alikuwa mjane, akiishi na bintiye wa pekee. Binti huyo alikuwa mfamasia mwenye duka la dawa mtaa wa pili, mwanamke mchapakazi na mwenye huruma, ila mwenye haraka kama maji ya mteremko. Dukani kwake mteja hakutoka na dawa mpaka aeleze itatumikaje. "Hebu nirudishie nilichokuambia," angesema, hata kama ni dawa ya kikohozi na foleni imefika nje. Wako waliomwona msumbufu, lakini hao hao ndio waliorudi kwake.

Basi asubuhi moja wamekaa mezani, chai inatoa mvuke, baba anatia ufunguo saa ya mezani, binti akasema, "Baba, nimeongea na daktari wako. Mgongo huo unataka mazoezi. Kasema yoga ya watu wanaoanza ingekufaa, tena utafanyia hapahapa nyumbani."

"Yoga?" Sekunde akaweka saa chini. "Ile ya kujikunja kama kamba ya kiatu?"

"Ile ya kukunyoosha, baba. Umekunjamana vya kutosha."

Wakacheka wote wawili. Lakini mzee aliingiwa na hofu, na hapa sina budi kuwatolea siri ambayo binti hakuijua.

Sekunde alikuwa amefunga kibanda chake mwaka uliotangulia, akasema ni mgongo. Mgongo uliuma kweli. Kilichomfungisha kibanda, hata hivyo, ni macho. Mwanzo ilikuwa bisibisi. Akiwa ameinamia saa ya mteja, kioo cha kukuzia jichoni, aliona kila jino la gurudumu. Ila akitaka bisibisi iliyo kando ya mkono wake, haipo. Atapapasa, ataikuta palepale alipoiweka. Kisha akaanza kugongana na watu waliotokea ubavuni, nao wakamwomba radhi, kumbe mkosaji ni yeye. Dunia ilizidi kumfungia kutoka pembeni, hadi akawa anaiangalia kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo.

Mbona hakusema? Msimhukumu upesi. Alikuwa na kaka yake mkubwa aliyepofuka. Tangu siku ile watu waliacha kusema na kaka, wakawa wanasema juu yake. "Amekula?" "Amelala?" Na kaka yupo, masikio mazima. Siku walipohamisha samani za sebuleni, walimhamisha na yeye, wala hakuna aliyemwambia anapelekwa wapi. Sekunde aliyaona hayo, akaapa kwamba yeye atakufa akiitwa fundi.

Binti alimtafutia baba yake mwalimu mtandaoni akiwa dukani, kati ya mteja mmoja na mwingine. Alichukua wa kwanza kwenye orodha: kijana mwenye kifua cha kuchongwa, amevaa kaptura nyeupe, muziki laini unapiga nyuma yake, na watazamaji hawana idadi. Alimtazama kwa muda mfupi kuliko anaoutumia kueleza dawa ya minyoo. Jioni akaisimamisha tableti juu ya kabati la vyombo.

"Kila siku mara moja, asubuhi, baada ya chai," alisema, kama anayeandika juu ya pakiti ya vidonge. "Bonyeza hapa katikati. Somo likiisha linaweka tiki ya kijani, na mimi nitaiona kwenye simu yangu nikiwa kazini. Sawa, baba?"

"Sawa, mwanangu."

Akaenda zake. Hakumwambia amrudishie alichosema.

Sekunde alijaribu, tena kwa moyo wote. Alisogea karibu na kioo cha tableti, akaona goti. Goti likaondoka. Akalitafuta, akalipata, kumbe ni kiwiko. Naye kijana wa kaptura nyeupe alikuwa mtu wa maneno machache: "Fanya hivi. Vuta pumzi. Halafu hivi. Usijilazimishe, ni hivi tu."

"Hivi vipi, mwanangu?" mzee akaiuliza tableti. Tableti haikumjibu.

Siku ya pili alijigonga muundi wa mguu kwenye meza. Siku ya tatu aliinamisha kichwa mpaka magotini, akahisi macho yanataka kutoka. Siku ya nne alikaa na kikombe chake cha chai, akamwacha kijana atoke jasho peke yake. Somo likaisha, tiki ikawekwa. Jioni binti aliingia akishangilia, "Hongera, baba! Siku nne mfululizo!" Sekunde aliisikia furaha ile kwenye sauti ya mwanawe, na hakuwa na ubavu wa kuizima.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini hii ilikuwa na mwendo. Tiki zilifika ishirini, zikafika mia. Dukani binti alikuwa akiwaonyesha wateja simu yake: "Baba yangu, umri ule, hajakosa hata siku moja!" Nyumbani hatua za mzee zilizidi kufupika. Alitembea kwa hesabu: hatua nne kutoka mlango wa chumbani, mkono wa kulia kuna kiti chenye mikono, baada yake meza. Saa kubwa ya sebuleni ikabaki nyuma dakika saba. Dakika saba, wenzangu, katika nyumba ya Sekunde! Binti aliliona hilo akasema moyoni, "Hata baba naye sasa anapumzika." Akaitazama simu, akaiona tiki, akaridhika.

Mara moja tu mzee alijikaza. "Mwanangu, nina jambo."

"La mgongo?"

"Hapana. La..." Simu ya dukani ikalia.

"Nikirudi, baba, utaniambia."

Alirudi usiku, amechoka. Baba naye ujasiri ulikuwa umekwisha.

Tiki zilipofika mia mbili na kumi, Jumapili alasiri, binti aliwaalika wafanyakazi wenzake watatu. Walivuta viti, wakapanga mduara, na mmoja wao, kwa nia njema kabisa, akakisogeza kile kiti chenye mikono hatua moja nyuma ili miguu ipate nafasi. Wakala, wakanywa, wakazungumza. Kisha mgeni mmoja akasema, "Mzee, tumesifiwa habari zako mpaka tumechoka. Tuonyeshe basi!"

"Wacheni mzee apumzike," alisema Sekunde.

"Baba, kidogo tu," binti alimbembeleza. "Ile ya kusimama kwa mguu mmoja. Umeifanya mara ngapi!"

Hakuwahi kuifanya hata mara moja. Lakini fahari ya mwanawe ilikuwa imesimama mbele ya wageni, na ya kwake pia. Akasimama mahali anapopajua. Akainua mguu. Watu wakapiga makofi. Mwili ukayumba, naye hakuwa na hofu, maana kiti kipo mkono wa kulia, kimekuwapo miaka yote. Akanyoosha mkono kukishika.

Alishika hewa. Kishindo chake kilisikika hadi kwa jirani.

Hospitalini walisema nyonga imevunjika. Daktari alipouliza ilivyokuwa, binti alieleza mpaka akafika pale pa kiti. "Kilikuwa hatua moja tu nyuma yake," alisema polepole. "Mchana kweupe. Na hakukiona."

Daktari wa macho aliitwa. Alimpima mzee kwa muda mrefu, akamwita binti pembeni. Ilikuwa presha ya macho, ugonjwa usiouma, unaokula uoni kutoka kando kama panya anavyokula mkate. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia limebaki na kitundu. "Lililopotea halirudi," alisema daktari. "Mngekuja mwaka mmoja nyuma tungeokoa mengi. Lililobaki tutalilinda kwa matone. Na asiiname kichwa chini, huzidisha presha machoni. Hafanyi mazoezi ya namna hiyo, sivyo?"

 Binti alirudi kando ya kitanda, akaushika mkono wa baba yake.

"Baba, tangu lini?"

"Tangu kabla sijafunga kibanda."

"Na zile tiki mia mbili na kumi?"

"Nilikuwa nakunywa chai, mwanangu."

Binti hakujua acheke au alie. Akalia. "Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuuliza? Wateja wako unawataka wakurudishie maneno hata ya dawa ya kikohozi." Kisha mzee akambinya vidole kidogo. "Nami ungeniuliza ningekudanganya. Tuligawana kosa, usilibebe peke yako."

Usiku huohuo binti alifungua duka kuchukua matone. Yalikuwa rafu ya tatu, nyuma ya kiti anachokalia kila siku, yamepangwa kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa akiwauzia wazee wa watu kwa miaka. Alikaa chini sakafuni na kile kichupa, na kwa mara ya kwanza aliona aibu ya kweli, ile isiyohitaji shahidi.

Miezi ikapita, mfupa ukaunga, na mzee akaruhusiwa kuanza mazoezi mepesi ya kukaa. Safari hii hawakuchukua wa kwanza kwenye orodha. Walikaa pamoja, na binti akajifunga kitambaa machoni.

"Unafanya nini?" Sekunde aliuliza.

"Natafuta mwalimu ninayeweza kumfuata bila kumwona. Asiyeeleweka kwa masikio, simtaki."

Walimu kumi na mmoja walishindwa mtihani huo. Mmoja alisema "angalia mguu wangu", akazimwa hapohapo. Mwingine aliongea sana lakini habari zake mwenyewe. Wa tano alimfanya binti aanguke juu ya kochi, na mzee akacheka hadi akashika nyonga. Alipofika wa kumi na mbili, baba na binti walitulia kumsikiliza. Alikuwa mama mnene mwenye mvi, amekaa kwenye kiti cha kawaida cha jikoni, akifundisha darasa la moja kwa moja, kila mwanafunzi akionekana kwenye kidirisha chake. Binti alifungua kitambaa akamweleza baba yake waliomo: mwanamume mwenye mkono mmoja, mjamzito, msichana kwenye kiti cha magurudumu, na jamaa mmoja mwenye tumbo lililojaza kidirisha chake chote.

"Na mimi nitaonekana?"

"Utaonekana, baba."

"Basi niletee shati la maana."

Kesho yake walijiunga. Mama yule hakuanza na mkono wala mguu. Alianza kwa kuuliza, mmoja baada ya mwingine: "Mwili wako umeamkaje leo? Niambie ukweli, maana kuna ya kufanya na kuna ya kuacha. Kuna mwenye mimba? Mwenye mfupa uliovunjika? Mwenye presha ya macho, kichwa chake kisishuke."

Zamu ya Sekunde ikafika. Zikasikika saa tu. Binti alitaka kumjibia, akauma mdomo.

"Jicho la kushoto halioni," alisema mzee. "La kulia linaona kidogo. Nyonga ilivunjika, imeunga. Na kwa ukweli, sijawahi kumaliza zoezi hata moja."

"Karibu sana," alisema mama yule, kama aliyeambiwa jambo la kawaida. "Kiti chako kina mikono?"

"Kinayo."

"Nyoosha mkono wa kulia ukishike."

Sekunde alisita. Kisha akanyoosha mkono, akakishika kiti. Kilikuwapo.

Funzo

Jamani, tusijidanganye kwamba kumpa mzazi kifaa ni kumtunza. Binti huyu hakuwa mbaya, na ndiyo maana nimewasimulia habari zake. Mtoto mbaya angewapa nafasi ya kusema "mimi siko hivyo". Tiki inasema somo limeisha, haisemi mtu anaendeleaje. Ukimtafutia mwenzako mafunzo, yawe ya yoga au ya jambo lingine lolote, usitazame uzuri wa mwalimu wala wingi wa wanaomtazama. Tazama kama anamjua mwanafunzi asiyefanana naye: mzee, mnene, asiyeona, mwenye mguu mmoja. Asiyeuliza mwili wako umeamkaje hakufundishi, anajionyesha.

Nanyi wazee wangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Semeni mapema. Macho ya Sekunde yangeweza kuokolewa na kichupa kilichokuwa rafu ya tatu.

Sisi tulio wazima, tuulize, tukishauliza tukae tusikilize jibu mpaka mwisho, hata simu ikilia. Na ukiingia nyumbani kwa mtu asiyeona, usikisogeze kiti bila kumwambia.