Kibali Chenye Muhuri

Jumatano, saa tatu na robo asubuhi, msichana aliingia katika ofisi ya Yakubu, mpelelezi wa polisi pale Kasongo, akaweka karatasi moja juu ya meza.

"Komanda, hii karatasi ni ya uongo. Siku tano natembea nayo kama mupumbavu."

Yakubu alivaa miwani. Miaka ishirini na miwili ya kazi ilimfundisha kwamba asubuhi inayoanza na karatasi haiishi vizuri. Afadhali kesi ya mbuzi, maana mbuzi akiibwa hulia.

Msichana aliitwa Sonia Kalonda, miaka ishirini na minne, mzaliwa wa Liège, mwenye pasipoti ya Ubelgiji. Alikuja Kasongo kumzika bibi yake, mama wa baba yake. Nyuma yake alisimama shangazi yake Apolline, katibu wa shule ya sekondari, bado na kitambaa cheusi cha msiba kichwani na macho mekundu.

"Feza wangu, ikaa kwanza," Apolline alimwambia. "Umuelezee komanda polepole."

Sonia hakukaa. "Sisi wa Ubelgiji hatuombi viza ya kuingia Uingereza. Lakini siku hizi, mbele ya kupanda ndege, lazima uombe ruhusa kwa mtandao. Bila hiyo hawakupandishi. Simu yangu kubwa ilianguka mu mto kule Nyangwe, nimebaki na hii kadogo ya kubonyeza. Basi nikamupa Clovis wa sekretaria, kule wanachapa barua kwa kompyuta, pasipoti, aniombee. Ijumaa shangazi akaniletea pasipoti pamoja na hii karatasi. Leo asubuhi nimeita ajansi ya ndege kule Kindu. Wameingiza namba ya pasipoti, wakasema hakuna ruhusa. Hakuna hata ombi!"

"Na ukikawia?"

"Mudogo wangu Esther-Divine iko hospitali Londoni, kwa mama. Ana miaka tisa. Damu yake imeharibika. Jumatatu wanaanza kumupa dawa za kumutayarisha, na mutu mwenye kupatana naye ni mimi peke yangu. Nisipofika Jumapili..." Aligonga ile karatasi kwa kidole. "Atakufa, komanda. Kila jioni naita mama pale barazani, kila jioni ananiuliza: umepata ruhusa? Na mi namujibu: ndiyo, mama, ninayo mu mukono."

Yakubu alimgeukia shangazi. "Mama Apolline, ulipokea nini Ijumaa?"

"Bahasha. Ndugu yangu Zéphirin aliitoa kwa Clovis, ikiwa imefungwa. Mi nikampa mutoto vilevile. Sikufungua."

Aliandika hayo. Kisha akainakili ile karatasi katika ripoti yake, mstari kwa mstari, kama sheria inavyotaka. Ilikuwa ya Kifaransa. Juu: *Autorisation de voyage*, ruhusa ya kusafiri. Chini yake: *Nom: KALONDA. Postnom: FEZA. Prénom: SONIA.* Namba ya pasipoti, sawa. Na mwishoni muhuri wa duara, umeburuzwa hadi maneno yake hayasomeki.

"Ruhusa ya kweli inafanana na hii?"

"Ya kweli haina karatasi, komanda. Inakaa ndani ya namba ya pasipoti. Wenyewe ndio wanaiona mu mashini."

Haina karatasi! Yakubu alitazama ule muhuri na kucheka kwa uchungu. Aliyeitengeneza hakuweza kuamini kwamba serikali yoyote duniani inaweza kumruhusu mtu bila kumgongea muhuri. Huyu alikuwa mtu wa hapahapa.

Saa nne kasoro kumi alikuwa kwa Clovis, kijana mwenye kompyuta moja na printa moja. Mji mzima ulikuwa umeshaamua kwamba aliyeghushi ni yeye, na wanawake wawili walikuwa wanamtukana mlangoni kwake. Yakubu aliwafukuza.

"Walahi, sikutuma kitu!" Clovis alilia hata kabla ya kuulizwa. "Mutandao ulikufa tangu Jumatano ya wiki iliyopita. Ijumaa papa Zéphirin akapita, nikamurudishia pasipoti ndani ya bahasha. Nikamuambia: waambie sijafanya, watafute pengine."

"Pengine wapi?"

"Kule shule ya mama Apolline. Wana antena ya setelaiti. Yao haikufa."

"Na hii karatasi?"

Clovis aliigeuza mkononi. "Si yangu. Muhuri wangu ni wa pembe nne, tazama." Aliugonga kwenye kipande cha gazeti. Kweli, pembe nne. "Na mi ningeandika Feza nikimutoa wapi? Fotokopi ya pasipoti yake ni hii."

Yakubu aliisoma: *Kalonda, Sonia*. Basi.

Yakubu alimkuta Zéphirin, baba mdogo wa Sonia, nyuma ya nyumba ya msiba akipasua kuni kwa hasira. Huyu ndiye aliyesema mbele ya watu wote, siku ya maziko, kwamba mjukuu haondoki kabla ya siku arobaini. Kama ni kutafuta mtu wa kushuku, huyu alikuwa amejileta mwenyewe.

"Nilisema na narudilia," alifoka. "Lakini kusema na kufanya ni vitu viwili! Nilimupa Apolline bahasha ikiwa wazi. Ndani pasipoti peke yake. Nikamuambia: Clovis anasema mutandao hakuna."

"Yeye anasema ilikuwa imefungwa."

"Basi anasema uongo, ao mi ndiye nasema. Chagua."

"Mzee, postnom ya Sonia, jina lake la kienyeji, ni nani?"

Zéphirin aliacha shoka hewani. "Postnom? Watoto wa Bulaya hawana postnom. Alipozaliwa mi nilikuwa Salamabila nachimba zahabu. Mi namujua Sonia tu."

Yakubu alifunga daftari lake. Hakufurahi hata kidogo. Tangu asubuhi alikuwa na jina moja sikioni, na alikuwa akiomba Mungu mtu mwingine yeyote alitamke pia. Hakuna aliyelitamka.

Saa saba mchana aliwakalisha wote wanne sebuleni mwa nyumba ya msiba: Sonia, Apolline, Zéphirin na Clovis.

"Sonia, nani anakuita Feza?"

"Shangazi. Peke yake. Nilipozaliwa alinipa hilo jina kwa simu, lakini komine, ofisi ya mji kule Liège, ilikataa kuliandika."

"Halimo ndani ya pasipoti. Clovis hakuwa nalo. Baba yako mudogo halijui." Akaiweka karatasi mezani. "Lakini limo humu, pale tunapoweka postnom sisi Wakongomani, maana kwetu mutu bila postnom hajatimia. Na muhuri huu ni wa duara. Kasongo hii, duara ni ya shule na ofisi. Mama Apolline, nikituma mutu shuleni aniletee muhuri, utafanana na huu?"

Apolline alifunika uso kwa kitambaa chake cheusi.

"Usitume mutu," alisema. "Ni mimi."

Sonia aliinuka. "Shangazi? Wewe? Antena mulikuwa nayo! Ungeniombea wewe mwenyewe kwa dakika kumi! Unataka Esther-Divine afe?"

"Nataka wewe usife!" Apolline alipiga kelele. "Nilikusikia! Pale barazani, unaongea na mama yako: watanitoa ubongo, wamupatie Esther-Divine. Nilisikia kwa masikio yangu! Na mutu akitolewa ubongo anabaki nini? Nimetoka kuzika mama. Nikuzike na wewe? Nikasema hapana. Nikakupa karatasi, utulie, siku zipite. Ndege ikikukataa, utalia, lakini utakuwa muzima."

Clovis alitazama miguu yake.

"Shangazi," Sonia alisema. "Ubongo wa *mifupa*. Ile laini ya ndani, munayofyonza mukikula mufupa wa ng'ombe. Moelle. Baba alinifundisha kusema ubongo, sina neno lingine. Wanaivuta kwa sindano hapa, nyuma ya kiuno. Yangu inarudia yenyewe. Siku mbili tatu natembea."

"Ya mifupa," Apolline alirudia.

"Ungeniuliza tu."

"Niliogopa utanijibu ndiyo."

Yakubu alivua miwani. Kughushi hati ni kosa, na alikuwa na fomu zake tayari. Lakini fomu zingeweza kungoja, na yule mtoto wa Londoni hangeweza.

"Mama Apolline, dosie inabaki wazi, na utajibu mbele ya sheria. Lakini kwanza unatupeleka kwenye antena yako."

Saa nane na nusu walipiga picha pasipoti na uso wa Sonia, wakajaza majina mawili tu, wakatuma. Jibu lingekuja kwa barua pepe ya shule. Mtandao ukawaambia: linaweza kuchukua siku tatu. Siku tatu! Na ndege ya Kindu ilikuwa ya Ijumaa.

Alhamisi alfajiri Sonia alipanda pikipiki kuelekea Kindu bila jibu. Hakumkumbatia shangazi yake. Alisema tu, "Utaniita," akajifunga kofia ngumu.

Apolline alikaa mbele ya ile kompyuta kutwa ya Alhamisi, na Yakubu akakaa mlangoni. Apolline alipoletewa fufu hakula. Ijumaa ilikuwa hivyohivyo. Ndege ya Kindu ilikuwa iondoke saa nane. Saa sita na dakika arobaini, barua iliingia. Apolline aliisoma mara tatu, kidole juu ya kioo, kisha akachukua simu ya Yakubu, akampigia Sonia.

"Feza? Wamekubali. Wamekubali, mutoto wangu. Hapana, hakuna karatasi, nimeangalia." Alipangusa pua. Upande wa pili palikuwa na kelele za uwanja wa ndege, kisha kilio. Apolline alisubiri kilio kipungue, akafumba macho, akajilazimisha.

"Enda," alisema. "Enda umupatie mudogo wako ubongo."