Mheshimiwa Amelala

Nyumbani kwa Chiriku, jogoo walikuwa na bahati wakiwahi kuwika kabla ya wageni. Saa kumi na mbili kasoro asubuhi, yeye alikuwa ameshapanga viti sita sebuleni na mabenchi mawili barazani, birika limeshawekwa jikoni, na mlango uko wazi. Huyu anagombania mpaka wa kiwanja, yule mwanawe amefukuzwa shule, na mwingine hana shida yoyote ila anapenda tu kumsalimu mbunge, mama yake Chiriku. Wote wapewe chai, wote wasikilizwe. Kisha Chiriku atoke mbio kwenda shule, akasinzie kwenye somo la hesabu.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na hilo jina la ndege alipewa kwa sababu ya mdomo wake usiotulia. Siku hizi hata huo mdomo ulikuwa umechoka.

Mama yake hakuzaliwa mheshimiwa. Kwa miaka kumi na mitano alikuwa muuguzi katika zahanati ya mtaa, na wanawake aliowazalisha ndio waliomsukuma agombee udiwani, kisha ubunge. Siku yake ya kwanza bungeni bawabu alimzuia mlangoni, akamwambia makarani wanapita mlango wa nyuma. "Wakija nitawaelekeza," mama akamjibu, akapita mbele. Kisa hicho watu walikipenda sana. Ambacho hawakukijua ni kwamba jioni ile mama alirudi chumbani kwake, akavua viatu, akalia.

Sasa miaka mitano ilikuwa imekwisha na uchaguzi ulibaki siku nane. Mpinzani wake, mwalimu mkuu mstaafu, alizungusha gari la kipaza sauti mtaani kutwa nzima: "Mama amefanya kazi! Mama amechoka! Mpeni mama mapumziko!" Mama alipolisikia lile gari, alimwita bintiye akamshika mabega.

"Sikiliza, mwanangu. Mwanamume akisinzia bungeni, husemwa anatafakari. Mimi nikipiga mwayo tu, itasemwa kazi imenishinda. Mtu yeyote asikusikie ukisema nimechoka. Umenielewa?"

"Ndiyo, mama."

Jumamosi mchana mama alirudi kutoka mikutano mitatu ya vijiji vya mbali. Hakula. Alijitupa kitandani na viatu vyake miguuni, na kabla Chiriku hajamvua cha pili, alikuwa ameshazama usingizini. Chiriku alimtazama. Macho yalikuwa yamebonyea na midomo imekauka. Alimwonea huruma. Akaufunga mlango wa chumba polepole, akajiapiza kwamba leo hapiti mtu.

Haukupita muda, mlango wa mbele ukagongwa. Alikuwa Mama Bomba.

Mama Bomba ndiye aliyetunza ufunguo wa bomba la maji la mtaa. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima, na katika miaka yake kumi bombani hakuna aliyewahi kudhulumiwa zamu. Leo sauti yake ilikuwa chini.

"Hujambo, binti yangu? Mheshimiwa yupo? Bomba limekufa tangu juzi. Nimekwenda idara ya maji mara mbili, wananizungusha tu. Neno lake moja kwa mhandisi lingetosha."

Chiriku alifungua mdomo. Kusema mama amechoka alikuwa amekatazwa. Kumwamsha hakuweza.

"Mama amesafiri," alisema.

"Kasafiri! Atarudi lini?"

"Jumatano."

Mama Bomba alivuta pumzi ndefu. "Haya. Mwenyewe hayupo, nimlaumu nani? Tutakwenda mtoni." Akaondoka. Chiriku akaegemea mlango, akajisifu kidogo moyoni. Mama alilala saa tatu nzima.

Jioni mama aliamka, akanawa uso, akatoka kumsindikiza katibu wake aliyekuja na ratiba ya kesho. Walikuwa wamesimama mlangoni wanaagana, na hapo ndipo wanawake wapatao ishirini walipopita kutoka mtoni, kila mmoja na ndoo kichwani. Mwendo wa saa nzima kwenda, saa nzima kurudi, tena kurudi ni mlima. Mbele yao alikuwa Mama Bomba, maji yakimtiririka shingoni.

"Pole na safari, mheshimiwa," alisema, wala hakusimama.

Alipoingia ndani alimwuliza Chiriku, "Safari gani anayoisema yule? Kuna mtu alikuja hapa nikiwa nimelala?"

Hapo palikuwa pahali pa kusema. Lakini mama alikuwa amesimama akijifunga saa mkononi, uso umekunjamana, na Chiriku akaogopa.

"Hapana, mama. Hakuja mtu."

Uongo una uzazi wa haraka. Huo ulikuwa wa pili, na ulikuwa mkubwa kuliko ule uliouzaa.

Jumapili uwanja wa shule ulijaa. Mama alihutubia vizuri, akashangiliwa, kisha ukafika wakati wa maswali. Mama Bomba alisimama katikati ya watu.

"Mheshimiwa, mimi nina moja tu. Jana mchana nilibisha kwako kwa ajili ya bomba. Nikaambiwa umesafiri mpaka Jumatano. Tukaenda mtoni, na mwenzetu mmoja mjamzito aliteleza pale mlimani, mpaka leo mguu umevimba. Tunarudi, wewe huyo mlangoni kwako. Tumekukosea nini hata utukimbie?"

Mama alijibu kwa upole, na kwa kuamini kila neno alilolisema.

"Dada yangu, jana mchana nilikuwa nyumbani. Nimeuliza, nikaambiwa hakuna aliyekuja. Pengine ulibisha nyumba nyingine."

Kicheko kikalipuka. "Mama Bomba kaota mchana!" mmoja akapaza sauti. "Kahongwa na mwalimu mkuu huyo!" akadakia mwingine. Mama Bomba alisimama pale pale. Mikono yake minene ilishika ncha za kitambaa chake cha kichwani, na machozi yakaanza kumtoka mbele ya umati.

Chiriku alikuwa ameketi mstari wa mbele. Kama angenyamaza, mama angeshinda na kicheko kingekwisha. Hakuna ambaye angejua. Lakini yeye angejua, na Mama Bomba angejua, na tangu siku ile mwanamke huyo angeitwa mwongo mtaani kwao. Akainuka, akapanda jukwaani mbele ya watu wote.

"Ni mimi," alisema karibu na kipaza sauti, na sauti yake ikamtisha mwenyewe. "Mama Bomba alikuja. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba mama amesafiri. Halafu nikamwambia mama kwamba hakuja mtu. Nimewadanganya wote wawili."

Katibu alimshika mkono amshushe. Mama akamzuia. Alimtazama bintiye, kisha akakigeukia kipaza sauti. Uso wake ulionyesha uchovu wote aliokuwa akiuficha.

"Mama Bomba, nakuomba radhi mbele ya hawa waliokucheka. Ulisema kweli. Jana nilikuwa nimelala. Nilikuwa nimechoka, na bado nimechoka. Mtoto huyu amekosa, na nyumbani tutazungumza. Lakini ni mimi niliyemfunga mdomo. Nilimkataza kuwaambia kwamba mama yake huchoka. Nilikuwa muuguzi, nikawaambia wagonjwa wangu kila siku kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Mwenyewe nikaficha."

Wengine waliguna. Wawili watatu walicheka kwa dharau wakaondoka. Kwa mbali, sauti ya mwanamke ikasema, "Kwani hapa nani hajachoka?" na makofi yakaanza, machache, kisha mengi.

Jumatatu asubuhi mama alimpigia simu mhandisi, naye mhandisi akakumbuka ghafla kwamba bomba hutengenezeka. Juma lililofuata mama alirudishwa bungeni kwa kura pungufu kuliko za mara ya kwanza. Akaweka saa za kupokea wageni, akabandika tangazo mlangoni. Walionuna walinuna, wakazoea.

Lakini kabla ya kura hizo, Jumatatu ile ile jioni, mama na bintiye walikwenda bombani. Maji yalikuwa yameanza kutoka, na foleni ilikuwa ndefu. Chiriku alipiga magoti mbele ya Mama Bomba.

"Nisamehe, mama. Nilitaka mama yangu apumzike."

Mama Bomba hakumwinua mara moja. Alifunga bomba kwanza, ndoo isifurike, akajifuta mikono.

"Najua ulimpenda mama yako, na si vibaya," alisema. "Ungeniambia amelala, ningeketi barazani nikamsubiri. Hata ungeniambia njoo kesho, ningekuja. Kweli ingenichelewesha saa tatu tu. Sasa sikia, mwanangu, nawe ukalikumbuke neno hili hata ukiwa mtu mzima kama mheshimiwa huyu. Uongo haumpumzishi mtu. Ule usingizi wa mama yako Jumamosi ile, tuliubeba sisi, vichwani, tukapanda nao mlima."

Chiriku aliinamisha kichwa akalia. Mama Bomba akamshika mkono, akamwinua, akampa ndoo iliyojaa.

"Hii ni ya yule mwenzetu aliyeumia mguu. Nyumba ya tatu, kulia. Mpelekee, na ukifika umwambie ni kwa nini."