Mishale Iliyomsingizia Mughwai

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nasma aliingia chumba cha nyuma ya duka lao mjini Singida, akageuza mayai. Biashara binafsi ilikuwa imeruhusiwa, na baba yake, Mzee Abdulmajidi, alikuwa ameanza kutotolesha vifaranga katika masanduku ya mbao yaliyopashwa joto kwa balbu. Kila sanduku lilikuwa na kipimajoto ndani. Waya wake ulikwenda kwenye ubao ukutani, ambako mshale wa geji ulionyesha kama joto linatosha.

Tangu sanduku la tatu liongezwe, mishale yote ilikuwa ikisoma chini ya alama. Vifaranga nao walikuwa wanafia ndani ya mayai.

"Mughwai anaacha vifuniko wazi," baba alimnong'oneza Nasma. "Kuna mtu kule Shelui anafanya biashara kama yetu. Huenda amemhonga. Mwangalie."

Mughwai, mfanyakazi wao kutoka Sepuka, aliapa kwamba hafungui vifuniko ovyo. Aliamriwa aongeze balbu, akaongeza. Vifaranga wakazidi kufa. Nasma akawa anamnyatia. Akimwona ameinama kwenye sanduku, alikwenda kusema kwa baba. Mwishowe baba akatamka kwamba mayai yale yakiharibika, Mughwai afungashe virago.

Jumamosi moja Mughwai alichomoa waya wa sanduku la tatu ili alipanguse vumbi. Nasma, aliyekuwa akichungulia mlangoni, aliona mishale ya masanduku mengine mawili ikipanda. Hakuna aliyeyagusa. Waya ulipochomekwa tena, mishale ikashuka.

"Kaka Mughwai, hebu chomoa tena," alisema.

Mughwai alimtazama kwa mashaka. "Ili ukanisemee kwa baba yako?"

Nasma aliinamisha uso kwa aibu. "Chomoa tu, tafadhali."

Mishale ikapanda tena. Nasma akatafuta kipimajoto cha zamani cha kioo kilichotupwa kwenye droo, akakiweka ndani ya sanduku la kwanza. Geji ilikuwa ikisema baridi, lakini kioo kilionyesha joto kali. Mayai yalikuwa yanaokwa.

Alikimbia kumwita baba.

"Ni yeye aliyekufundisha kusema hivyo?" baba aliuliza.

"Hapana, baba. Njoo uone mwenyewe."

Walichomoa nyaya zote, kisha wakaurudisha mmoja. Geji ikakubaliana na kioo. Walipoongeza wa pili, mshale ukashuka. Walipoongeza wa tatu, ukashuka zaidi. Baba akamwita Fundi Chrispin wa redio.

Fundi alifungua ubao. "Vipimo vyote ni vizima," alisema. "Shida ni huu waya mmoja unaorudisha umeme wa vyote. Kiungo chake kimelegea na kina kutu. Kikitumiwa na kipimo kimoja, umeme unapita vizuri. Vikitumia vitatu kwa pamoja, unakwama, na mishale yote inasoma pungufu. Nani alikisokota hivi kwa mkono?"

"Ni mimi," baba alisema polepole.

Fundi akakitia lehemu. Mishale ikapanda juu ya alama, wakaziondoa balbu za ziada. Walipoyamulika mayai kwa tochi, mengi yalikuwa yameharibika, lakini katika sanduku la tatu walimwona kifaranga akijitikisa, kisha mwingine.

"Mughwai, nimekukosea," baba alisema. "Nisamehe."

"Nimekusikia, mzee," Mughwai alijibu, akiendelea kufunga kifuniko. "Ila habari hizi zimefika hadi nyumbani kwangu. Mke wangu ananitazama kama mwizi."

Jioni ile baba alikwenda kwa Mughwai, na Nasma akaomba kufuatana naye. Mbele ya Damari, mkewe Mughwai, baba alieleza kila kitu bila kuficha kosa lake. Nasma naye akaomba radhi kwa kumchongea. Damari aliwakaribisha uji, akakaa karibu na mumewe.

Njiani kurudi, baba alishika mkono wa Nasma.

"Tulimchunguza mtu, mwanangu, hatukuchunguza kipimo," alisema. "Siku nyingine ukimshuku mwenzako, anza kuhakiki kile kinachokufanya umshuku. Na ukigundua umekosea, nenda ukaseme pale pale jina lake lilipochafuliwa."