Chumba Chenye Bafu kwa Bibi Dorotea

Kila asubuhi kabla ya shule, Wankyo alishuka ziwani na ndoo yake, akachota maji, akapanda nayo hadi nyumbani kwa bibi yake pale Buhare, pembeni mwa mji wa Musoma. Njia nzima alikuwa akighani: "Guten Tag! Ich möchte ein Zimmer mit Bad!" Mbuzi wa jirani walikuwa wameshazoea. Mbwa bado.

Kijerumani hicho alikitoa kwenye kitabu cha sarufi ambacho bruda mmoja wa misheni, Mjerumani, aliwaandikia mafundi seremala wake, maelezo yote kwa Kiswahili. Bruda alipozeeka akarudi kwao, na kitabu kikabaki kwa Bibi Dorotea, aliyekuwa akimpikia. Wankyo alipenda ukurasa mmoja tu, wa mazungumzo ya wasafiri, uliokuwa Kijerumani kitupu. Aliukariri kwa kuimba, kama darasa lao la sita lilivyokariri jedwali la kuzidisha. Kurasa za sarufi alizirukaruka kama mtu anayevuka matope.

"Umefika wapi na hicho kitabu?" rafiki yake Selestina alimuuliza siku moja.

"Nimemaliza."

"Chote?"

"Mpaka jalada."

Maneno hayo yangeishia hapo, lakini Katekista Boniphace alikuwa akipita na baiskeli yake, tairi limeshindiliwa nyasi, maana miaka ile mpira wa baiskeli ulikuwa adimu kama sukari. Akasimama papo hapo. Parokia ilikuwa inamngoja mgeni, Mama Hilde, muuguzi kutoka Ujerumani. Padre Rafaeli, aliyesoma huko na kuijua lugha, alikuwa amekwenda Bunda kutafuta dizeli na hajarudi.

"Binti, kweli unakijua?"

"Ndiyo, Katekista."

"Basi wewe ndiye utakayempokea."

Bibi Dorotea alivimba kwa furaha. Buhare nzima ilimjua kwa chumvi ya maneno yake. Alikuwa akisimulia kwamba mwaka mmoja mitumbwi ilipokosa mafuta, alipanda kiboko kutoka Kiriba hadi Musoma, akamlipa kwa mchicha. Sasa akapata jipya: "Mjukuu wangu anaota Kijerumani! Juzi aliongea usingizini, mbu wote wakahama."

Jumapili, Mama Hilde aliteremka kwenye lori la pamba, vumbi hadi kwenye kope. Wankyo alisukumwa mbele, akavuta pumzi, akaghani ukurasa wake. Mgeni alitoa macho, akacheka, kisha akamwaga maneno kama mvua ya masika juu ya bati. Wankyo hakuambulia hata moja. Akakumbuka neno fupi kuliko yote.

"Ja," alisema.

Mgeni akauliza tena. "Ja." Na tena. "Ja!" Watu wakapiga makofi.

Jioni, akina mama wa parokia walikuwa wamefunika pilau wakimngoja mgeni. Mgeni hakuonekana. Alikuwa amesimama mlangoni kwa Bibi Dorotea, begi mkononi, taulo begani.

"Mama yangu we," Bibi alinong'ona. "Huyu amefuata nini huku?"

"Labda amekuja kusalimia."

"Na taulo?"

Lakini kwa Bibi Dorotea, mgeni akishatua mzigo haulizwi amefuata nini. Bibi alitoa kitanda chake. Alimchinja kuku wake wa mayai, yule wa pekee. Alifukua kipande cha sabuni alichokificha tangu Pasaka. Wankyo alibeba maji kutoka ziwani mpaka akahisi shingo imezama mabegani, na Mama Hilde akaoga nyuma ya uzio wa mabua huku akiimba. Kisha Bibi akajilaza mkekani chini, magoti yakimuuma, akitabasamu.

Asubuhi Padre Rafaeli alifika, na Katekista Boniphace nyuma yake amenuna. Padre alizungumza na mgeni. Mama Hilde akamnyooshea Wankyo kidole.

"Anasema binti huyu alimwomba chumba chenye bafu," Padre alieleza. "Yeye akadhani anakaribishwa, akamuuliza kama chumba kipo kwao. Binti akajibu ndiyo. Kama anaweza kuja kulala. Ndiyo. Kama bibi yake hatasumbuka. Ndiyo."

Selestina, aliyekuja kuchungulia, alimnong'oneza: "Sema mgeni ndiye hakuelewa. Nani atajua?"

Ni kweli, nani angejua? Wankyo aliangalia manyoya ya kuku pale jikoni. Akamwangalia Bibi akikanda magoti.

"Padre, nilidanganya," alisema. "Najua ukurasa mmoja tu, na huo wenyewe sijui unasema nini."

Bibi Dorotea hakusema neno. Buhare haikuwahi kumwona hivyo, na ukimya huo ulimchoma Wankyo kuliko fimbo. Padre akatafsiri. Mama Hilde alimshika Wankyo mkono, akasema naye kupitia kwa Padre: anakwenda kutazama zahanati za Butiama na Bunda. Akirudi kuaga, amwambie neno moja, lakini liwe lake mwenyewe.

Jioni Wankyo alifungua kurasa za matope. Machozi yakamlengalenga. Kila jina la kitu lilikuwa na kineno mbele yake: der, die, au das.

"Bibi, huu ni uchawi."

"Nifundishe," Bibi alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi.

"Wewe, Bibi?"

"Mimi. Likiingia kwenye hiki kichwa kigumu, kwako limeshakaa."

Wankyo akaeleza. Bibi akasikiliza, akapiga paja. "Kumbe! Sisi kwetu ng'ombe hatajwagi bila rangi yake. Ukisema 'ng'ombe amepotea', nani atakusaidia kumtafuta? Usishike jina likiwa peke yake."

Basi Wankyo akafunga vipande vya khanga kuukuu: cheusi kwenye chungu, der Topf, chekundu kwenye taa, die Lampe, cheupe kwenye kisu, das Messer. Selestina alipoingia aliuliza kama nyumba imeumia. Walipofika kwenye vitenzi vinavyokaa mwisho wa sentensi, Bibi akasema, "Huyo ni mchungaji. Ng'ombe mbele, yeye nyuma." Kila siku Wankyo alichukua kidogo, akakitembeza njiani na ndoo, akitunga sentensi za vitu alivyoviona kwa macho yake. Nyingine zilimshinda. Alizirudia.

Mama Hilde akarudi. Wankyo alisimama mbele ya watu walewale.

"Mimi bado sijui Kijerumani kingi," alisema kwa Kijerumani, polepole. "Nafurahi kwamba kwetu wewe..." Akakwama. Mchungaji alikuwa amebaki nyuma. Kutoka katikati ya watu Bibi Dorotea aliinua fimbo yake, akaswaga ng'ombe wasioonekana.

"...ulilala!" Wankyo alimaliza, mchungaji akiwa mahali pake. Kisha akaongeza, "Der Huhn, kuku, alikuwa mtamu?"

"Das Huhn," Mama Hilde alisahihisha taratibu.

"Das Huhn," Wankyo alirudia bila haya.

Mama Hilde akauliza jambo, haraka. Kile kineno kifupi, Ja, kikaja tena mdomoni. Wankyo akakimeza. "Sijaelewa," alisema kwa Kijerumani. "Polepole, tafadhali."

Mgeni akarudia. Alikuwa anauliza magoti ya Bibi yanaendeleaje. Na Wankyo akajibu, yeye mwenyewe.

Njiani kurudi nyumbani aliuliza, "Bibi, mbona wewe unadanganyaga kila siku?"

"Mimi? Kuna mtu aliyewahi kwenda ziwani kumsubiri kiboko wangu amvushe? Uongo wangu una mkia mrefu, kila mtu anauona, tunacheka, tunakwenda kulala. Wako uliaminiwa, mjukuu wangu. Uongo huo ukalala kitandani kwangu, ukamla kuku wangu. Kujua kunakuja kidogo kidogo, na aliyesema 'sijui' hajafa. Huyo ndiye anayefundishwa."

Wankyo aliinamisha kichwa. Baada ya hatua chache akauliza, "Na kiboko yule, Bibi, alikuwa der, die au das?"

"Kamuulize mwenyewe," alijibu Bibi Dorotea. "Mimi nilikuwa mgongoni."