Mawe ya Uani kwa Mama Siti

“Mama Siti yuko hai, Alphonse. Sasa wewe utauzaje kiwanja chake?”

Félicité aliuliza tena, huku akigeuza ndagala, samaki wadogo walioanikwa juani. Kaka yake Alphonse, aliyesimama kando ya uzio, alicheka tu.

“Dada, we hauelewi biashara. Benyewe bako Tanzania, kambini. Habatarudi. Parseli yao iko wazi, haina mutu, na mwenye pesa anakuja leo.”

Tangu vita vianze, watu wengi wa mji wa Baraka walikuwa wamevuka ziwa kwenda Tanzania, wengine wakiacha milango imefungwa kwa kamba. Alphonse alinunua viwanja vyao kwa bei ya kutupa kutoka kwa yeyote aliyejiita ndugu wa mwenye mali, kisha akawauzia wafanyabiashara wa dhahabu wa machimbo ya Misisi kwa bei ya juu. Kiwanja cha Mama Siti, jirani wa Félicité, alikinunua kwa kijana ambaye hakuna mtu mtaani aliyemfahamu. Tayari alikuwa amechimba mtaro na kuanza msingi, ili kionekane chake.

Kilichobaki ni majirani. Kwa desturi ya hapa, kiwanja hakiuzwi mpaka majirani watembee mpakani na mnunuzi, waseme kwa midomo yao kwamba muuzaji ndiye mwenyewe. Ndiyo maana Alphonse alimhitaji dada yake. Alimwahidi sehemu ya faida, itoshe karo ya Tania, binti wa Félicité wa miaka kumi na miwili aliyerudishwa nyumbani na shule.

“Mutoto anakaa bure, na we unalinda nyasi ya bantu,” alisema.

Félicité aliendelea kugeuza samaki. Tania, aliyeketi karibu, alijua mama yake anapima, naye alitamani akubali. Asubuhi hiyo yeye mwenyewe alikuwa amemsaidia mjomba kuokota mawe ya msingi katika majani ya ua wa Mama Siti.

Ndipo akaingia Mzee Sadiki, jirani wa upande wa pili wa kiwanja. Hakusalimu. Aliuliza ni nani aliyetoa mawe chini ya migomba.

“Ni mimi, babu,” Tania alijibu kwa fahari. “Yalikuwa yamepangwa vizuri. Sikuhangaika kutafuta.”

Mzee aliketi chini, palepale kwenye vumbi. Alieleza kwamba mama yake Mama Siti alifariki wakati wa mapigano, siku ambazo njia ya makaburini ilikuwa haipitiki kwa risasi. Walimzika uani.

“Sisi Waislamu hatuweki msalaba, mjukuu wangu. Mawe yale ndiyo alama yake.”

Makaburi aliyoyajua Tania ni ya kanisani kwao, yenye misalaba ya saruji. Alitazama viganja vyake, bado vina udongo. Félicité alidondosha samaki aliowashika.

“Mimi sikujua,” Alphonse alisema.

“Na aliyekuuzia hakujua,” Félicité alimjibu. “Mwenye nyumba angekuambia kabla hujainua jembe. Sasa umejua ulinunua kwa nani.”

Pikipiki ilisimama nje. Mnunuzi alishuka akipangusa vumbi usoni, akauliza majirani wako wapi, watembee upesi. Félicité alimfuata hadi mpakani.

“Mimi ndiye jirani. Kiwanja hiki kina mwenyewe, yuko ng’ambo ya ziwa. Sitatembea.”

Mnunuzi alimgeukia Alphonse. Alphonse aliutazama mtaro, kisha akatikisa kichwa na kusema hakiuzi tena. Yule mtu alinung’unika kwamba ameteketeza petroli ya kutoka Misisi kuja kuangalia migomba, akaondoka.

Tania alinong’ona, “Na shule, mama?”

“Nitauza samaki. Muhula ukikupita, utaingia unaofuata.” Félicité alimshika bega. “Sikiliza. Kununua ardhi na kuiuza kwa faida si kosa. Lakini nunua kwa mwenyewe, jamaa zake wakijua, majirani wakisema kweli. Mtu aliyekimbia risasi hajatupa nyumba yake. Haya, shuka mtaroni.”

Tania alishuka. Alitoa jiwe la kwanza, akalikumbatia kifuani, na Mzee Sadiki akamwonyesha upande wa kichwa cha kaburi. Alphonse alivua shati, akaingia mtaroni nyuma yake na kuinua lililo zito kuliko yote.